Mto Ukiugua, Nyumba Nzima Huugua



Mwaka mmoja, mwezi wa Novemba, tulimpokea hospitalini kwetu mtoto wa kiume wa miaka tisa aliyekuwa akikojoa damu. Tulipofungua daftari lake tukaona kwamba tumekwisha mtibu kichocho mara mbili, na mara zote mbili alirudi nyumbani amepona. Tukamwuliza mama yake: "Mama, mwanao anaoga wapi?" Akajibu kwa upole: "Nesi, anaoga pale pale tunapochota. Zamani maji yale yalikuwa yakipita. Sasa yamesimama."

Jibu hilo lilitufanya tufikiri sana. Sisi wauguzi tumezoea kumwangalia mgonjwa aliye kitandani. Mtoto yule tulimpa dawa iliyo sahihi, kwa kipimo kilicho sahihi, halafu tukamrudisha kwenye dimbwi lile lile lililomwambukiza. Kumbe palikuwa na mgonjwa wa pili, yaani mto wenyewe, ambaye hatukumpima hata siku moja.

Basi katika toleo hili tumtazame mgonjwa huyo wa pili. Siku hizi twasikia mara nyingi habari za mabadiliko ya tabianchi, yaani dunia kupata joto na mvua kubadilika. Wengi wetu hudhani hayo ni mambo ya barafu ya Kilimanjaro, au ya nchi za mbali. Lakini mabadiliko hayo yanapita pia katika mto tunaochota maji, na kutoka mtoni yanaingia katika ndoo, na kutoka katika ndoo yanaingia nyumbani.

MTO SI MAJI PEKE YAKE

Mtu akiutazama mto huona maji. Lakini inua jiwe moja katika kijito kizima cha mlimani, ulitazame upande wa chini. Utaona wadudu wadogo wameng'ang'ania, wengine wenye mikia miwili au mitatu, wengine wamejijengea vijumba vya mchanga. Hawa wengi ni watoto wa wadudu warukao. Wanaishi majini kwa majuma au miezi, kisha wanatoka na kuruka.

Wadudu hao wana kazi. Jani la mti likianguka mtoni, kwanza hulainishwa na ukungu na bakteria. Kisha wadudu na kaa wa mtoni hulitafuna vipande vipande. Samaki huwala wadudu, ndege huwala samaki, nasi pia twala samaki. Nyasi na miti ya kandoni huzuia udongo na kinyesi visiingie majini. Watoto wa kerengende, pamoja na samaki wadogo, hula viluwiluwi vya mbu. Kwa hiyo mto mzima una wafanyakazi wengi wanaotutunza bila mshahara. Mto ukiugua, wafanyakazi hao ndio wa kwanza kufa au kuhama.

HOMA YA MTO

Wataalamu wa dunia wamepima na kuona kwamba katika miaka ya 2011 hadi 2020 joto la dunia lilikuwa limepanda kwa nyuzi 1.1 za Selsiasi kuliko lilivyokuwa miaka ya 1850 hadi 1900. Mwaka 2024 ulikuwa wenye joto kuliko miaka yote iliyopata kupimwa. Mtu aweza kucheka na kusema: nyuzi moja ni kitu gani? Lakini kila mama aliyewahi kumpima mtoto homa ajua kwamba kati ya nyuzi 37 na 38 na nusu kuna tofauti kubwa.

Fanya jaribio hili jikoni. Bandika sufuria ya maji baridi jikoni na kutazama. Kabla maji hayajachemka, utaona viputo vidogo vinajitokeza pembeni na chini ya sufuria. Viputo hivyo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji. Maji yakipata joto hayawezi kuishika hewa yote. Ndivyo ilivyo mtoni. Lita moja ya maji safi yenye nyuzi 20 huweza kubeba kama miligramu 9 za oksijeni. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama miligramu 7 na nusu tu. Na wakati huo huo mwili wa samaki hufanya kazi kwa haraka zaidi katika joto, na kuhitaji hewa nyingi zaidi. Yaani mahitaji yanapanda na chakula kinapungua.

Matokeo yake ni nini? Wadudu wanaopenda maji baridi yenye hewa nyingi huhamia juu zaidi mlimani. Lakini mlima una mwisho, na aliyekwisha fika kwenye chemchemi hana pa kwenda tena. Wengine hukua upesi kupita kiasi na kutoka majini mapema, wakiwa wadogo kuliko kawaida. Wanaobaki ni wale wavumilivu: minyoo myekundu ya topeni, ruba, na samaki kama kambale, ambaye aweza kupanda juu na kuvuta hewa nje ya maji. Ukiona kwamba katika mto wako perege wameondoka na kambale tu amebaki, ujue mto huo unapumua kwa shida.

MVUA YA PUPA NA KIANGAZI KIREFU

Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja huweza kubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7. Kwa hiyo mvua ikinyesha huweza kunyesha kwa pupa, na jua likiwaka hunyonya zaidi unyevu wa udongo na mimea. Mto unapata vyote viwili: mafuriko na ukame.

Mafuriko makubwa huyazoa mayai ya samaki na wadudu. Lakini dhara linalodumu ni tope. Tope huziba nafasi zilizo kati ya mawe, na hizo nafasi ndizo nyumba za wadudu tuliowataja. Hali kadhalika mafuriko hufungua vyoo vyetu. Wenye umri kama wetu hawajasahau mwaka 1997, wakati Tanzania ilipopata wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 40,000. Mwisho wa mwaka huo mvua za El Niño zilikuja juu ya msiba huo. El Niño ni jambo la asili, lilikuwapo tangu zamani. Lakini hewa yenye joto zaidi huyafanya maji yake kuwa mazito zaidi. Mwezi wa Aprili 2024, baada ya mvua kubwa za majira hayo, Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekwisha fariki nchini kwa mafuriko na maafa yaliyoambatana nayo.

Kiangazi nacho kikirefuka, mto hupungua, hukatika, na kugeuka mnyororo wa madimbwi. Jambo hili tunaliona kwa macho yetu katika Ruaha Mkuu.

MFANO WA RUAHA MKUU

Mito mingi, kama Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera, huteremka kutoka nyanda za juu na kuingia katika bonde la Usangu. Maji hujikusanya katika ardhi oevu ya Ihefu, ambayo ni kama godoro linalofyonza maji ya masika na kuyaachia polepole wakati wa kiangazi. Kutoka hapo Ruaha hupita katika Hifadhi ya Taifa, kisha huingia Mtera na Kidatu kwenye mitambo ya umeme, na mwisho huungana na Rufiji.

Tangu mwaka 1993 Ruaha umekuwa ukiacha kutiririka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Hapa yatupasa tuseme kweli. Wataalamu walioichunguza Usangu hawakuona kwamba mvua peke yake ndiyo ya kulaumiwa. Sababu kubwa waliyoiona ni maji yanayotolewa mtoni kwa mifereji, na mingine iliachwa wazi hata miezi ambayo hakuna mpunga shambani. Hatusemi hivyo kwa kuwashutumu wakulima. Mpunga huo ndio unaowasomesha watoto, na ndio unaolipa gharama za matibabu hospitalini kwetu. Lakini mgonjwa hapaswi kufichwa chanzo cha ugonjwa wake.

Je, tabianchi inaingia wapi? Sisi wauguzi twalielewa hivi. Surua huwapata watoto wengi, lakini humwua upesi yule aliyekwisha dhoofishwa na utapiamlo. Vivyo hivyo mvua ikichelewa majuma matatu, mto ulio mzima huvumilia. Mto uliokwisha nyang'anywa maji yake hufa katika majuma hayo hayo matatu. Joto la dunia ni surua. Vijito vyetu vingi vimekwisha pata utapiamlo kabla surua haijafika.

Na maji yakikatika, hutokea nini? Viboko hukusanyika katika madimbwi machache yaliyobaki. Wakati wa usiku hula majani nchi kavu, na mchana hunya majini. Mto unapotiririka, kinyesi hicho husambaa na kuwa mbolea ya mto. Mto ukisimama, hurundikana na kuoza, na kule kuoza hutumia oksijeni yote. Wanasayansi waliofanya kazi yao katika Ruaha na kuitangaza mwaka 2018 walieleza kwamba madimbwi ya namna hiyo yalikuwa na samaki na wadudu wachache zaidi, wa aina chache zaidi. Kiboko ni yule yule, na kinyesi chake ni kile kile. Kilichobadilika ni mwendo wa maji. Sisi binadamu nasi tukichota, tukifua, tukinywesha mifugo na kujisaidia pamoja katika dimbwi moja, tunakuwa kama viboko hao.

KILA UGONJWA UNA MAJI YAKE

Jambo hili ni muhimu sana kwa familia zetu, kwa hiyo tulieleze taratibu.

Maji yaendayo kasi, yenye hewa nyingi, ndiyo yanayopendwa na usubi, inzi mdogo anayeeneza ugonjwa unaoharibu ngozi na macho. Ugonjwa huo unajulikana Mahenge, Tukuyu na sehemu za Ruvuma. Kwa hiyo tusidhani kwamba maji yanayokimbia hayana ugonjwa kabisa.

Maji yaliyotulia, yenye majani, ndiyo nyumba ya konokono wa kichocho. Mtu mgonjwa akikojoa au kunya majini, mayai huanguliwa, na vijidudu huingia ndani ya konokono. Baada ya majuma kadhaa hutoka vijidudu vingine, hasa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Dimbwi likikauka, konokono wengine hujificha topeni wakiwa hai, wakingoja mvua. Dawa tunayotoa, yaani prazikwanteli, huwaua minyoo waliokwisha komaa mwilini. Haimkingi mtoto asiambukizwe tena kesho. Ndiyo maana yule mtoto wetu alirudi.

Tena yafaa tuulize: ni nani anayewala konokono? Tutoe mfano mmoja wa mbali kidogo, kwa kuwa umechunguzwa vizuri. Nchini Senegal bwawa la Diama lilimalizika kujengwa mwaka 1986 karibu na mahali mto Senegal unapoingia baharini. Kamba wakubwa wa mtoni, ambao huteremka kwenye maji yenye chumvi ili kuzaa, wakazibiwa njia. Kamba hao hula konokono. Mwaka 1988 wagonjwa wa kwanza wa kichocho cha utumbo wakaonekana katika mji wa Richard-Toll, na ugonjwa ukaenea kwa haraka. Baadaye wataalamu walipowarudisha kamba mtoni kwenye kijiji kimoja, na watu wakapewa dawa, konokono wenye vijidudu walipungua na watu walioambukizwa tena wakapungua pia. Bwawa si tabianchi, lakini fundisho ni moja: mlinzi akiondoka mtoni, ugonjwa hauhitaji kualikwa.

Vidimbwi vidogo vya jua vinavyobaki katika mchanga mto unapokatika hupendwa na mbu wa malaria. Hapo hakuna samaki wa kula viluwiluwi, wala mkondo wa kuvizoa.

Maji yakiwa machache, mama huanza kubana: kwanza huacha kunawa mikono, kisha kuwanawisha watoto uso. Hapo huingia kuhara, homa ya matumbo, upele na trakoma.

Na maji ya mafuriko, yaliyopitia vyooni, hubeba kipindupindu.

Kwa hiyo mto ukibadilika, magonjwa hubadilishana zamu. Mama aliyejua kujikinga katika mto wa zamani hujikuta hajui kujikinga katika mto wa sasa. Hilo si kosa lake. Lakini yafaa ajulishwe.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

1. Maji yenye tope yaacheni yatulie, kisha yachujeni kwa kitambaa safi, halafu yachemsheni mpaka yatokote kabisa. Dawa ya klorini haifanyi kazi vizuri katika maji yenye tope, kwa hiyo chujeni kwanza.

2. Kuni zikiwa haba, tieni maji maangavu katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, muilaze juani kwa saa sita. Siku za mawingu iacheni siku mbili mfululizo.

3. Maji ya kuoga mliyochota kwenye dimbwi lenye konokono yawekeni katika chombo kilichofunikwa kwa siku mbili kamili kabla ya kuyatumia. Vijidudu vya kichocho visivyompata mtu hufa. Hata hivyo, maji hayo yasinywewe bila kuchemshwa.

4. Watoto wasiogelee katika maji yaliyosimama, hasa mchana. Mtoto anayekojoa damu aletwe mapema. Wengine husema ni dalili ya kukua. Sivyo, ni ugonjwa, nao ukiachwa huharibu kibofu na figo.

5. Mtoto anayeharisha apewe maji yenye chumvi za kuongeza maji mwilini, yaani ORS, pamoja na vidonge vya zinki kama atakavyoelekezwa. Kama hakuna pakiti, chukueni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kisha mleteni bila kukawia.

TUFANYE NINI MTONI?

Mbingu hatuwezi kuzipoza sisi watu wa kijiji kimoja. Lakini mto wetu twaweza kuupa nguvu ya kuvumilia homa, kama tunavyomlisha mtoto ili surua isimshinde.

Kwanza, kivuli. Kijito kilichofunikwa na miti hakipati joto kama kijito kilicho wazi, na majani yake ni chakula cha wadudu. Pandeni miti ya asili inayopatana na maji, kama mikuyu na mivengi. Mikaratusi isipandwe kwenye chemchemi, maana hunywa maji mengi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tunajua kwamba bustani nyingi za mboga ziko ndani ya mita hizo, na ni za akina mama maskini. Basi kijiji kikae, kiwatafutie sehemu nyingine, badala ya kungoja kuwafukuza siku moja.

Pili, maji yaachwe yapite. Mfereji usio na mpunga ufungwe. Wenye mashamba ya juu wakumbuke kwamba chini yao kuna watu wanaokunywa. Zamu ya maji ikiandikwa na kuheshimiwa, hata mwaka wa ukame mto hubaki na uzi wa maji, na uzi huo waweza kumwokoa samaki.

Tatu, vyoo vijengwe mbali na mto, mahali palipoinuka ambapo mafuriko hayafiki. Mabomba ya kupulizia dawa za mimea yasioshwe mtoni, wala samaki wasivuliwe kwa sumu. Anayetia sumu kupata samaki wa leo anawaua pia walinzi wa watoto wake.

Nne, mpimeni mgonjwa. Mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa kiangazi na mwisho wake, walimu pamoja na vijana wakubwa waende mahali palipo na mkondo, wakivaa viatu vya mpira, wainue mawe kumi na kuandika walichokiona. Wakiona wadudu wenye mikia mitatu na vijumba vya mchanga, mto una hewa. Wakiona minyoo myekundu na ruba tu, mto unaumwa. Lakini tahadhari: wadudu wazuri hawana maana kwamba maji ni salama kunywa, kwa sababu vijidudu vya kuhara havionekani kwa macho. Kuchemsha ni pale pale.

TUMALIZIE

Yule mtoto tulimpa dawa mara ya tatu. Safari hii hatukuishia hapo. Mmoja wetu alifuatana na mama hadi kwenye dimbwi, akakaa na wazee wa kitongoji. Mzee mmoja akatuambia: "Sisi tulidhani hospitali ni ya watu tu." Walikubaliana kuchimba kisima kifupi cha kufunikwa kando ya mto, na kupafunga pale pa kuoga watoto. Mfereji wa juu ulileta mabishano makali, na mpaka leo haujafungwa kila unapopaswa kufungwa. Hatuwezi kusema kwamba mambo yote yamekwisha.

Lakini daftari la mtoto yule tunalo. Ukurasa wa mara ya nne bado ni mweupe, nasi twaomba ubaki hivyo hivyo.